Gari la marehemu: akiba inayooza

WAHENGA walinena kwamba akiba haiozi. Methali hiyo nimeisikia tangu utotoni, nimeiandika ubaoni mara nyingi, na wanafunzi wangu nimewatungia maswali ya mtihani kwayo. Leo nataka kuiwekea mpaka. Mahindi yaliyokauka vyema hayaozi upesi ghalani. Fedha iliyowekwa benki haioti kutu. Lakini iko akiba moja ambayo Wakenya wengi wameiweka nyuma ya nyumba zao, chini ya miembe na mikorosho, nayo inaoza mchana kweupe huku wenyewe wakiitazama na kuamini kwamba wanaitunza. Nakusudia magari ya kale tuliyoachiwa na wazazi wetu.

Msomaji, ukipata wasaa wa kutembea nchini, ingia katika maboma ya walimu wastaafu, makarani wa zamani na wafanyabiashara wa enzi zilizopita, iwe Kilifi, Murang'a, Machakos au Kakamega. Aghalabu utaliona mahali fulani. Litakuwa Peugeot, au Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, au Datsun, au Land Rover fupi. Nambari yake haina ile herufi ya mwisho, ishara kwamba lilisajiliwa kabla ya utaratibu wa sasa kuanza mwaka 1989. Matairi yamelala. Nyasi zimepenya katikati ya magurudumu. Ukiuliza ni la nani, utajibiwa kwa sauti ya heshima: "Ni gari la marehemu."

Jibu hilo, kwangu mimi niliyezoea kuyachungulia maneno, lina mambo makubwa ndani yake. Walimu wenzangu wa Kiswahili wanajua kwamba ile a-unganifu, yaani "la" katika "gari la marehemu", huonyesha umilikaji. Kwa hiyo tunaposema hivyo miaka 10 au 15 baada ya mazishi, tunakiri kwa ndimi zetu wenyewe kwamba gari lile lingali mali ya mtu aliyelala kaburini. Hatusemi "gari letu", wala "gari la mama", wala "gari la kaka". Aliyekufa hawezi kubadilisha oili. Hawezi kulisogeza gari kutoka chini ya mti. Basi gari lile halina mwenyewe, na kisicho na mwenyewe aliye hai hakina budi kufa.

Siandiki haya kwa kuwasuta wengine. Naandika kwa sababu kosa hili nimelitenda mimi.

Marehemu baba yangu alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika pwani ya kaskazini, mwendo wa kilomita chache kutoka baharini. Mwaka 1977 alinunua Peugeot 404 iliyokwisha kutumika, miaka miwili kabla sijazaliwa, na kwa hivyo hupenda kusema kwamba gari lile lilikuwa kaka yangu. Lilikuwa na rangi ya maziwa, na gia yake ilikuwa kwenye usukani, si sakafuni. Lilibeba karatasi za mtihani, lilibeba wajawazito usiku wa manane, lilibeba maiti na maharusi. Kijiji kizima kililijua kwa mlio wake. Wanafunzi waliochelewa waliusikia ukitokea kwenye kona ya minazi, wakatimua mbio kuelekea mstarini.

Wala hakulichagua kwa kubahatisha. Peugeot 404 ilizinduliwa Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limebuniwa na Pininfarina, wasanifu mashuhuri wa Italia. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika matope na mavumbi ya Afrika Mashariki, gari la aina hiyo lilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 na tena mwaka 1968, magari yaliyofanikiwa kufika mwisho yalikuwa 7 tu, na mara zote mbili la kwanza lilikuwa 404 iliyoendeshwa na Nick Nowicki. Mzee wa kijijini hakuhitaji tangazo la biashara. Alikwisha kuona kwa macho yake ni gari lipi linalostahimili barabara zetu.

Baba aliliendesha mpaka miezi ya mwisho ya uhai wake. Alifariki mwaka 2008. Siku ya arubaini tulikaa kikao cha jamaa, mama, dada zangu wawili, mdogo wangu wa kiume na mimi. Mimi, kwa kuwa ni kifungua mimba na ndiye niliyesoma kuliko wote, nilipewa kalamu niandike maafikiano. Shamba tulizungumza, nyumba tukazungumza, ng'ombe tukazungumza. Tulipofika kwenye gari, niliandika: "Gari lisiguswe. Litatengenezwa baadaye." Karatasi hiyo ningali nayo.

Naomba niitazame sentensi ile kama ninavyotazama sentensi za wanafunzi wangu. Vitenzi vyote viwili viko katika kauli ya kutendwa. Lisiguswe na nani? Litatengenezwa na nani, lini, kwa fedha za nani? Kauli ya kutendwa ina manufaa yake katika lugha, na mojawapo ni kumficha mtenda. Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Kila mmoja aliondoka kikaoni akiwa ameridhika, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyetajwa. Nami nikakichukua kile kitabu cha usajili, tukiitacho logibuku, nikakitia katika mkoba wangu na kwenda nacho Nairobi, eti nikiweke mahali salama.

Mdogo wangu ni fundi wa magari. Elimu yake ya darasani haikufika mbali, lakini mikono yake ina elimu ambayo sikuipata chuoni. Miezi sita baada ya kikao alinipigia simu. "Kaka," akaniambia, "naomba ruhusa nilichukue gari la mzee nilitumie. Nitalitunza." Nikamjibu kwamba tulikwisha kukubaliana lisiguswe mpaka tukae tena. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: "Kaka, gari halingoji kikao." Nilidhani anatafuta njia ya kujimilikisha mali ya wote. Sikumwambia hivyo, lakini alifahamu. Hakuniuliza tena.

Sasa nieleze ni nini hasa hutokea kwa gari linaloachwa, maana wengi wetu hudhani kwamba kinachoharibu gari ni kuendeshwa. Haya nimefundishwa na mdogo wangu, baada ya maji kumwagika.

Kitu cha kwanza kufa ni betri. Hata ikikaa bila kuguswa hupoteza nguvu kidogo kidogo, na ikikaa tupu kwa miezi, zile bamba zake za risasi huota utando mgumu usiondoka kwa kuchajiwa. Hilo ni dogo, kwa kuwa betri hununuliwa. Kitu cha pili ni petroli. Ile sehemu nyepesi iwakayo upesi huvukiza, na inayobaki huchachuka na kugeuka ulimbo mzito unaoziba vitundu vyembamba vya kabureta. Tangi likiwa nusu tupu, unyevu wa hewa huganda ndani yake usiku, na kutu huanza kulila kwa ndani ambako jicho halifiki.

Tatu ni mafuta ya breki. Mafuta hayo yana tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani, na unyevu huo hula vyuma vya ndani ya breki hadi pistoni zake ndogo zikagandamana. Hapo ndipo unapoona gari linasukumwa na watu 10 na halisogei. Nne ni injini yenyewe. Oili inayolinda kuta za silinda hutiririka chini pole pole, na kuta hubaki uchi. Ringi za pistoni hushikana na kuta hizo kwa kutu. Siku mtu atakapokuja na betri mpya na kuzungusha kwa nguvu, ringi hukatika na kuta hukwaruzika. Injini ambayo ingeokolewa kwa subira huuawa na pupa ya dakika moja.

Tano ni kila kilichotengenezwa kwa mpira. Matairi hupasuka ubavuni na kufanya bapa pale yalipokanyaga chini. Mabomba ya maji hukauka, sili zinazozuia oili hukakamaa. Sita ni viumbe. Panya hutafuna nyaya na kujenga viota ndani ya viti. Kwetu hawakuwa panya peke yao. Kuku wa mama waligundua kwamba kiti cha nyuma kilikuwa laini kuliko kapu lolote, wakawa wanataga humo.

La saba, ambalo kwetu sisi wa pwani ndilo lililoongoza, ni kutu ya bodi. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Majani ya mwembe yalianguka na kuziba zile njia ndogo za kutolea maji chini ya kioo cha mbele. Mvua ikinyesha, maji hayakupata pa kutokea ila kuteremka ndani, yakatuama sakafuni. Dada yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, alinunua turubai la nailoni akalifunika gari gubigubi. Turubai lile lilizuia mvua, lakini lilizuia pia jua na upepo, na unyevu uliopanda kutoka ardhini ukafungiwa humo mwaka hadi mwaka. Tulilivisha sanda tukidhani tumelivisha shuka.

Lipo na kosa langu jingine. Miaka miwili ya kwanza, kila nilipokwenda likizo, niliazima betri, nikaliwasha gari kwa dakika tano, nikafurahia mlio, nikalizima. Nilidhani nalipa uhai. Kumbe injini inapowaka hutoa mvuke wa maji, na isipopata joto la kutosha, mvuke huo huganda ndani ya bomba la moshi na kuchanganyika na oili. Afadhali kuliacha likiwa limeandaliwa vyema kuliko kuliwasha kwa dakika tano. Kama ni kuliwasha, basi liendeshwe kwa nusu saa hivi mpaka lipate joto kamili, gia zote ziingie, breki zikanyagwe na magurudumu yazunguke.

Huenda msomaji akauliza: kwani sheria haikuzuia familia kugusa mali ya marehemu? Hoja hii naiheshimu, kwa kuwa nimeisikia katika nyumba nyingi. Ni kweli kwamba Sheria ya Mirathi ya Kenya, Sura ya 160, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, katika kifungu cha 45 inamkataza mtu yeyote asiyepewa mamlaka kuingilia mali ya marehemu. Kifungu hicho ni ngao ya wajane na mayatima, na kisidharauliwe. Lakini sheria hiyo hiyo imetoa njia. Jamaa huomba mahakamani hati ya usimamizi wa mirathi, na baada ya miezi sita tangu kutolewa, hati hiyo huweza kuthibitishwa na kila mrithi akaonyeshwa fungu lake. Waislamu nao wana mahakama za Kadhi. Fauka ya hayo, sheria inaitambua hati maalumu yenye mpaka, itolewayo kwa ajili ya kukusanya na kuhifadhi mali wakati mambo mengine yakisubiri. Hivyo sheria haikusema mali ioze. Sheria ilisema mali ipate msimamizi anayejulikana kwa jina. Sisi tuliishika nusu ya kwanza, ile ya kutogusa, kwa sababu haikutugharimu kitu. Nusu ya pili ilidai nauli, ada, picha, vyeti na safari za mahakamani, tukaiahirisha.

Na bila hati hiyo, hata mtu akitaka kulinunua gari kwa halali, hawezi kuhamishiwa umiliki. Ndiyo maana magari mengi ya urithi hayauzwi mapema yangali mazima, huuzwa yakiwa vyuma. Mnunuzi wa vyuma kuukuu, kwa ukweli wa mambo, mara nyingi haulizi logibuku.

Wako wanaosema kwamba gari la kale huzidi thamani kadiri linavyozeeka, basi kuliacha ni kama kuweka fedha benki. Maneno haya yana ukweli nusu. Ni kweli kwamba magari haya hayaongezeki nchini, kwani kanuni zetu kwa kawaida haziruhusu kuagizwa gari lililotumika ambalo limezidi umri wa miaka minane. Ni kweli pia kwamba wapo wanaoyaenzi. Tangu mwaka 2003 kumekuwa na mashindano ya Safari ya magari ya kale, na pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, huandaliwa maonyesho ambayo magari ya zamani huletwa yakiwa yanang'aa kama yametoka kiwandani jana. Lakini angalia ni magari gani yanayofika huko. Ni yale ambayo kuna mtu aliyeamka asubuhi kuyashughulikia. Umri peke yake haumpi mtu hekima, wala haulipi gari thamani. Kulirudisha gari lililooza kuna gharama ambayo mara nyingi huipita bei ya gari lenyewe likiisha kutengenezwa, na mshahara wa mwalimu hauwezi kulibeba jambo hilo.

Hapa narudi kwenye lugha, maana neno moja limenisumbua sana. Tulipoliacha gari tulisema tumelihifadhi. Kitenzi hiki asili yake ni Kiarabu, na katika Kiswahili kina matumizi mawili yanayojulikana na kila mwanafunzi. Twahifadhi mali, yaani twailinda isipotee. Twahifadhi pia shairi au sura za Kurani, yaani twaziweka moyoni. Sasa muulize mwanafunzi wa chuo cha Kurani huihifadhi vipi sura. Atakuambia kwamba huisoma leo, akairudia kesho, akaisoma tena mbele ya mwalimu wake, na akiacha kuirudia kwa miezi michache humtoka. Hakuna anayehifadhi kwa kunyamaza. Maana hizi mbili hazikukutana katika neno moja kwa bahati mbaya. Kuhifadhi ni kazi irudiwayo. Kisichorudiwa hakikuhifadhiwa, kimeachwa tu, na Kiswahili kina neno lake: kutelekeza.

Basi tufanyeje? Kwa maoni yangu ziko njia tatu za haki, na mrithi achague mojawapo kabla ya mwaka wa kwanza kumalizika.

Ya kwanza ni kulitumia. Apewe mmoja katika jamaa, kwa jina lake, aliendeshe na aligharamie. Akilitumia kwenda sokoni na kurudi, hiyo ndiyo hifadhi bora kupita zote. Wengine wasimwonee kijicho, kwa kuwa anayelilisha gari ndiye anayewatunzia kumbukumbu. Wala asichaguliwe kwa umri au kwa vyeti. Achaguliwe kwa mikono. Katika nyumba yetu mikono hiyo ilikuwapo, ikaomba, nikaikatalia.

Ya pili ni kulitoa lingali zima. Liuzwe kwa mtu anayelipenda, fedha zigawanywe, na pasiwe na aibu. Au lipelekwe katika chuo cha ufundi. Wanaofundisha ufundi wa magari watakubaliana nami kwamba injini ya kabureta na plagi, isiyo na kompyuta ndani yake, ni kitabu kilicho wazi. Mwanafunzi huona kwa macho yake petroli inakoingia na cheche inakotokea. Gari la mwalimu likiendelea kufundisha baada ya mwalimu kuondoka, ni heshima gani iliyo kubwa kuliko hiyo?

Ya tatu ni kulilaza kwa utaratibu, ikiwa kweli hakuna uwezo wa kulitumia kwa sasa. Kulaza si kuacha. Gari huoshwa likakauka, likawekwa chini ya paa juu ya sakafu ngumu, mbali na miti. Betri hutolewa. Petroli ya zamani humwagwa kwa uangalifu na kabureta ikakaushwa. Plagi hufunguliwa na oili kidogo ikatiwa katika kila silinda, kisha injini ikazungushwa kwa mkono, na jambo hilo likarudiwa kila baada ya muda. Gari huinuliwa juu ya vigingi imara matairi yasibebe uzito. Hufunikwa kwa kitambaa kipitishacho hewa, si nailoni. Na katika daftari huandikwa jina la mtu mmoja anayewajibika. Wahenga hao hao walitwambia kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

Ama njia ya nne, ile ya "lisiguswe", si njia. Ni uoga uliovaa kanzu ya heshima. Nimejiuliza sana kwa nini niliichagua. Nadhani ni kwa sababu gari lile likiwa pale chini ya mwembe, ilikuwa kana kwamba baba ameingia ndani mara moja kuchukua miwani yake, na sasa hivi atatoka. Kumpa mdogo wangu ufunguo kungekuwa kukiri kwamba hatatoka. Wengi wanaoacha magari si wavivu wala si wachoyo. Ni watu waliofiwa. Lakini machozi hayazuii kutu.

Mwezi Desemba mwaka 2023 nilirudi nyumbani na logibuku yangu mkobani. Tulikuwa tumemaliza, baada ya miaka 15, mambo ya mahakama. Nilimwomba mdogo wangu aje alitazame gari, na nikamwambia ni lake. Alilizunguka mara moja. Akafungua mlango wa dereva, nao ukamjia mikononi. Akakanyaga sakafu, mguu ukapita ukagusa mchanga. Alijaribu kuizungusha injini kwa mkono, haikutikisika. Hakunilaumu kwa neno hata moja, na hilo lilinichoma kuliko matusi. Alisema tu, "Kaka, miaka ile ningeliweza."

Bodi ilichukuliwa na wanunuzi wa vyuma kuukuu. Ilipakiwa juu ya lori na kupimwa kwenye mizani kama gunia la viazi, na fedha iliyopatikana haikutosha kununua matairi manne mapya. Mama alisimama mlangoni akitazama. Nilimwendea nikamwomba radhi. Akaniambia: "Mwanangu, baba yako hakuwa mtu wa kuweka vitu. Angalimpa mtu zamani." Miaka 15 nilikuwa nikiyalinda mapenzi ya marehemu, na sikuwahi kumwuliza mtu aliyeishi naye.

Kabla ya lori kuondoka, mdogo wangu alikuwa ametoa sanduku la gia, kioo cha mbele, taa moja na usukani. Hivi leo viko katika 404 ya mkulima mmoja mstaafu ambaye hubeba nazi zake hadi mjini Kilifi kila wiki. Gari hilo lina umri sawa na lile letu na limekula chumvi ile ile. Tofauti ni kwamba mwenyewe hajawahi kuliacha liliapo.

Walimu wenzangu, pengine wengi wenu mna gari la namna hiyo nyumbani, au mna baba ambaye angali akilipiga la kwake msasa kila Jumamosi. Muulizeni sasa, angali hai na ana nguvu za kujibu: Baba, hili ungependa alishike nani? Si utovu wa adabu. Ni kumpunguzia mzigo. Nanyi wanafunzi, mkiwa katika kikao cha jamaa na mkaona kalamu inaandika "litaangaliwa" au "litatengenezwa", inueni mkono kwa heshima na muulize: na nani? Swali hilo mmefundishwa darasani kwa ajili ya uchanganuzi wa sentensi. Lina kazi kubwa zaidi nyumbani.

Nami ile methali nitaendelea kuifundisha, maana ni yetu na ni nzuri. Ila nitakapoiandika ubaoni nitawauliza wanafunzi swali moja zaidi: akiba hiyo ni ya nani, na mara ya mwisho aliigusa lini?